Kuhusu yule mzee wa Dundee

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima wa afya pamoja na wote nyumbani. Sisi huku hatujambo.

Uliniuliza yule mzee aliyeigiza kama Logan Roy, tajiri wa vyombo vya habari, katika tamthilia ya televisheni ya Succession alikuwa wapi miaka yote hiyo, hata tukaja kumjua akiwa amekwisha kupita miaka sabini. Swali lako halijanitoka moyoni, kwa sababu mzee huyo, Brian Cox, hakuwa amejificha: alikuwa jukwaani.

Alizaliwa mwaka 1946 huko Dundee, mji wa Uskoti uliokuwa ukiishi kwa viwanda vya juti, ambamo mama yake alikuwa msokota nyuzi. Baba alifariki mtoto akiwa na miaka minane, mama akaugua kwa majonzi, na dada zake wakubwa ndio waliomlea. Akiwa bado kijana mdogo aliingia katika ukumbi wa maigizo wa mji huo, akianza na kazi ndogondogo, kisha akaenda London kusomea uigizaji.

Ningekuwa na uwezo wa kurudi nyuma kuona onyesho moja tu, ningechagua tamthilia ya Titus Andronicus ya Shakespeare, aliyoigiza kama Titus mwaka 1987 huko Stratford-upon-Avon, Uingereza, chini ya mwongozaji Deborah Warner. Katika karamu ya mwisho, Titus anaingia na kofia nyeupe ya mpishi kichwani, akimwandalia malkia andazi lililopikwa kwa nyama ya wana wa malkia huyo mwenyewe. Watazamaji wanataka kucheka na kicheko kinawakwama kooni, na hapo ndipo ninapouona ufundi wake. Alipewa tuzo ya Olivier, tuzo kubwa ya maigizo ya jukwaani Uingereza, ikiwa ni ya pili kwake, na mwaka 1990 akaigiza King Lear, mchezo mwingine wa Shakespeare.

Sinema nazo alikwisha kuzifanya. Mwaka 1986, katika Manhunter, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuigiza kama daktari muuaji Hannibal. Anaonekana kwa dakika chache tu, ila sauti yake ya upole inatisha kuliko kelele.

Mwaka 2024, umaarufu wa Succession ukiwa bado wa moto, alirudi jukwaani London akiwa na miaka 77, katika mchezo wa mwandishi wa Marekani Eugene O'Neill wenye saa zaidi ya tatu. Humo ni mwigizaji mzee anayejutia kipaji alichokipoteza kwa kung'ang'ania nafasi moja iliyomletea fedha.

Itafute Manhunter, kisha uniandikie.

Wako daima.