Barua ya wazi kwa wazazi wa Mtwara na Lindi wenye watoto wadogo, msimu huu wa korosho

Wanangu,

Marahaba, na salamu kwenu nyote kuanzia Msimbati hadi Kilwa, kuanzia Newala hadi Liwale. Barua hii ni ya baba na mama wenye watoto wa miaka 2 hadi 8. Ambao watoto wao wameshakua waisome pia, wawasaidie wadogo zao.

Septemba hadi mwanzoni mwa Desemba ndiyo miezi ya kutoka huku kusini. Mvua yetu ni ya msimu mmoja na bado haijafika, barabara za vumbi zinapitika, kusi imechoka na kaskazi haijashika, kwa hiyo bahari imetulia. Korosho nazo zinapelekwa ghalani. Malipo ya mnada yakiingia tu, kila nyumba inataka watoto waone kila kitu: Jumamosi ufukweni Shangani, Jumapili harusi Ndanda, Siku ya Nyerere tarehe 14 Oktoba safari ya Kilwa, Novemba mahafali ya chekechea, shule zikifungwa Desemba ngoma kijijini. Wanangu, nawaomba mpunguze. Safari moja kubwa kila baada ya wiki mbili inamtosha mtoto mdogo, na kila safari iwe na jambo moja. Mkienda pwani, ni pwani tu. Msipitie sokoni, msipitie kwa shangazi, msimalizie na picha za studio.

Sababu ni usingizi. Mtoto wa miaka 3 hadi 5 anahitaji kulala saa 10 hadi 13 kwa siku, ukihesabu na usingizi wa mchana. Wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji saa 11 hadi 14. Safari inayomnyima usingizi wa mchana hulipwa jioni kwa kulia, kugoma kula na kujirusha chini, na wengi wetu tunauita ukaidi, tunachapa. Mtoto hana ukaidi, amechoka. Ondokeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa tano muwe mmegeuza, saa saba mtoto awe amelala nyumbani.

Sasa pwani, maana ndiko wengi mnakokwenda na ndiko kwenye hatari kubwa. Usichague siku ya kwenda baharini kwa kuangalia Jumamosi peke yake, angalia mwezi. Ile kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu inakupa jibu. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani tarehe 1 hadi 3 na tarehe 15 hadi 17, maji ni ya bamvua. Siku hizo katika pwani yetu maji hupwa mno kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na hujaa kabisa karibu na saa kumi jioni. Tarehe 7 hadi 9 na 22 hadi 24 ni maji mafu: hayaendi mbali wala hayarudi kwa nguvu, na asubuhi kama saa nne yamejaa. Kila siku inayopita, maji huchelewa kama dakika 50. Leo yakipwa saa nne kamili, kesho tegemea saa tano kasoro dakika kumi.

Kwa hiyo, mkitaka watoto wachezee vidimbwi vya mwambani, waone kaa, konokono na nyota wa bahari, nendeni siku ya bamvua na mfike saa tatu, maji yakiwa bado yanatoka. Mkitaka waoge, chagueni maji mafu.

Kosa linaloua ni hili. Siku ya bamvua watu hufuata maji hadi kwenye fungu la mchanga mbali na ufukwe, watoto wanacheza, wazazi wanaongea. Maji yakianza kurudi hayaji kutoka mbele mnakotazama, yanajaza kwanza mkondo ulio nyuma yenu, kati ya fungu na nchi kavu. Tena hayapandi kwa kasi moja. Kujaa huchukua kama saa 6: saa ya kwanza maji hupanda kidogo sana, mtu akajiona ana muda, kisha saa ya tatu na ya nne peke yake huleta nusu ya maji yote. Bamvua yetu hupandisha zaidi ya mita 3, kwa hiyo ndani ya saa mbili hizo yameongezeka zaidi ya mita moja na nusu, na hapo mtoto wa miaka 7 ameshafunikwa kichwa. Kanuni yangu haina mjadala: maji yakisimama, yaani yasitoke wala kuingia, chukueni watoto mrudi nchi kavu papo hapo.

Msimbati ni pazuri kuliko pote, lakini pana tabia yake. Mchanga mweupe unamdanganya mtu kwamba maji ni mafupi, kumbe hatua chache tu kutoka ukingoni chini panaporomoka. Pale mtu mzima asimame upande wa bahari, mtoto awe kati yake na ufukwe, na watoto wawili wa chini ya miaka 5 wawe na watu wazima wawili. Simu ibaki kwenye kikapu.

Miguuni wavae raba kuukuu au viatu vya plastiki vya kufunga. Ndala zinanaswa na tope, zikitoka mtoto anakanyaga pekupeku. Kuna yule mdudu wa bahari mweusi mwenye miba mirefu kama sindano, kuna samaki aitwaye taa, bapa, aliyejifukia mchangani, na kuna samaki anayefanana kabisa na jiwe. Mtoto akichomwa na taa au na huyo samaki wa jiwe, loweka mguu kwenye maji ya moto kadiri mkono wako wewe mtu mzima unavyoweza kuvumilia, kwa dakika 30 hadi 90, huku mkimpeleka kituo cha afya. Joto ndilo linaloipunguza makali sumu ile. Maana yake chupa ya chai ya lita moja yenye maji ya moto ni kifaa cha safari, hata kama hamnywi chai. Maji ya chupa yakiwa makali mno, yachanganye na ya baridi, na upime kwa mkono wako. Usimpimie mtoto kwa mguu wake ulioumia, maana kwa maumivu hatatambua kuwa anaungua.

Jua nalo. Katikati ya Oktoba huku kwetu jua linapita utosini hasa. Saa sita mchana simama wima utazame kivuli chako, utakikuta kimejikunja miguuni. Hakuna wakati mwingine wa mwaka linapokuwa wima hivyo isipokuwa Februari, na Februari mara nyingi kuna mawingu. Kofia yenye ukingo, kanga nyepesi mabegani, na kuanzia saa tano wawe kivulini. Kivuli kiwe cha mwembe au mkungu, si cha mnazi. Nazi haichagui kichwa.

Maji ya kunywa, beba lita moja kwa kila mtoto kwa nusu siku, na mpe kidogo kidogo kila nusu saa bila kungoja aombe. Mtoto anayecheza hasikii kiu. Akianza kuharisha njiani na huna pakiti ya ORS, ile dawa ya kurudisha maji mwilini, changanya maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6 vilivyosawazishwa, na chumvi nusu kijiko cha chai. Onja kabla ya kumpa: ikizidi chumvi ya machozi, mwaga uanze upya. Hili la chumvi ndilo watu hukosea, na chumvi nyingi humdhuru mtoto.

Chakula kisiwe wali wa nazi. Najua mnaupenda, lakini ukifunikwa wa moto kwenye hotipoti tangu alfajiri na kufunguliwa saa saba, umeshaanza kuchacha. Bebeni maandazi, mayai ya kuchemsha yakiwa na maganda yake, ndizi mbivu, na samaki aliyekaangwa akakauka vizuri. Korosho na karanga nzima msimpe mtoto wa chini ya miaka 5, na hasa si ndani ya bajaji inayorukaruka. Zitwangeni kwanza. Kipande cha korosho kinaenea koo la mtoto sawasawa.

Kuhusu mahali pa kwenda, nitasema wazi ninavyoona. Kwa mtoto wa chini ya miaka 6, Mikindani inatosha na kubaki. Ni kama kilomita 10 tu kutoka Mtwara mjini, vichochoro vinatembeleka, kuna milango ya nakshi ya kuhesabu, na Boma la Wajerumani la mwaka 1895 liko juu kidogo ya mji. Saa moja na nusu inatosha. Mpe mtoto kazi moja: atafute mlango wenye maua mengi kuliko yote. Habari za Livingstone, yule mzungu mmisionari na msafiri, kuondokea hapo mwaka 1866 mwambie mwenye miaka 8, mdogo hazimfikii.

Kilwa Kisiwani nawaambia msubiri. Kutoka Mtwara hadi Kilwa Masoko ni karibu kilomita 300, na huwezi kwenda na kurudi siku moja na mtoto mdogo akabaki salama akili. Mwenye miaka 7 na kuendelea, lala Masoko, chukua kibali mjini kabla ya kuvuka, na mvuke asubuhi upepo ukiwa mdogo. Kwenye mashua, jaketi la kuokoa maisha lipimwe: mfungie mtoto, kisha shika mabegani uvute juu. Likipanda likafika masikioni, ni kubwa, na majini atachomoka. Omba dogo, na kama halipo, msipande. Huko atauona Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, mji ambao Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, aliufikia mwaka 1331.

Tendaguru je? Watoto wote wanapenda mijusi wakubwa wa kale, na ni kweli mifupa ilichimbwa mkoani Lindi na Wajerumani kati ya 1909 na 1913. Lakini njia ni mbovu na ukifika hakuna mifupa ya kuona, ile iliyounganishwa iko jumba la makumbusho Berlin. Fanyeni hivi nyumbani: kateni kamba ya mita 13, maana mjusi aliyesimamishwa kule ana kimo cha zaidi ya hapo. Mtoto mmoja ashike mwanzo wa kamba, mwingine atembee nayo hadi mwisho, uwanjani au barabarani pasipopita gari. Kisha waulizeni ni watoto wangapi wakilala mstari mmoja, kichwa kwa nyayo, watafika mwisho wa kamba. Wa mita moja moja watakuwa 13. Watalala chini, watabishana, watahesabu upya. Asubuhi nzima imepita bila nauli.

Na shambani pia ni safari. Kuokota korosho kwa saa moja, kuanzia saa kumi na mbili na nusu, mtoto wa miaka 5 anafurahi kuliko ufukweni. Mtu mzima atangulie kufagia majani chini ya mkorosho, maana nyoka hulala humo. Mfundishe kunyonga korosho itoke kwenye bibo kwa mkono, kamwe si kwa meno. Nguo ziwe za zamani kabisa, utomvu wa bibo hautoki kwa sabuni yoyote. Saa moja ikiisha, aache hata kama kikapu hakijajaa. Hiyo ni michezo yake, kazi ni yetu.

Kuchoma korosho ndiko kunakoleta vidonda. Ganda lina mafuta makali yanayounguza ngozi, na kwenye moto yanaruka na kutoa moshi unaochoma macho na kifua. Watoto wakae hatua 10 au zaidi, upande upepo unakotoka, na wasibangue hadi zipoe kabisa kwenye mchanga. Mafuta yakimgusa, futa kwa kitambaa kikavu bila kusugua, kisha osha kwa sabuni na maji mengi. Yakiingia jichoni, mmiminie maji safi kwa dakika 15 na umpeleke hospitali.

Harusi na vigodoro sivikatazi, lakini msimlaze mtoto mbele ya spika. Mlazeni nyumba ya tatu kutoka hapo, bado mtakuwa sherehe. Mkilala ugenini, chandarua kiwe kitu cha kwanza kwenye begi. Akipata homa ndani ya wiki mbili baada ya kurudi, apimwe malaria siku hiyohiyo, msimnunulie dawa dukani kwa kukisia.

Kwenye kila msongamano, pantoni ya Msangamkuu, stendi, uwanja wa mahafali, andikeni namba ya simu ya mzazi kwa kalamu ya wino kwenye mkono wa mtoto, sehemu ya ndani juu ya kiwiko ambako jasho na maji havifiki upesi. Nauli ya kurudi iwekeni mfuko mwingine, tangu asubuhi, na pesa ya barafu isiiguse.

Mkifika nyumbani msianze na picha. Mwogesheni kwa maji baridi ya kisima aondoe chumvi, mkague nyayo na katikati ya vidole mkiwa kwenye mwanga, mpakeni mafuta ya nazi, mpeni uji, alale. Jumamosi inayofuata kaeni uani.

Ni mimi bibi yenu,
Mikindani.