Kuhusu hiyo upower yako

Shangani, Mtwara

Mshkaji,

Salama? Huku korosho ndo zimeanza kuanguka, kila mtu kichwa kiko mnadani, bora nikujibu saivi kabla sijasahau.

Unasema Gentoo, hiyo Linux yako ya kujikompailia, inakung'ang'aniza upower, kile kiprogramu cha kusoma hali ya betri, na hiyo kompyuta ni ya mezani, haina hata betri. Sio uchawi bwana. Profaili ya desktop, yaani ile mipangilio ya kuanzia, yenyewe inawasha flagi (swichi) ya upower hata kama hujaiandika popote, alafu xfce4-meta, furushi la desktop ya Xfce, ikiona imewashwa inaburuta xfce4-power-manager ya kusimamia umeme, na hiyo bila upower haiendi, ndo maana unafuta leo kesho ukiapdeti imerudi kama paka aliyenusa samaki.

Kwahiyo usianze na kufuta. Uliza kwanza nani anaishikilia, kwa emerge, ile komandi ya Gentoo ya kuweka na kutoa programu:

emerge -pv --depclean sys-power/upower

Hapo haifuti kitu, inakutajia tu pakeji (programu) zinazoitaka. Kisha ingia /etc/portage/make.conf, kwenye USE, mstari wa flagi, ongeza -upower, na kama kuna pakeji moja inaihitaji kweli iruhusu hiyo tu ndani ya package.use, pale pa flagi za pakeji moja moja. Piga emerge -avuDN @world kuapdeti mashine nzima, ikimaliza kukompaili piga emerge -a --depclean kufuta zisizohitajika tena, uisome orodha kabla hujasema yes.

Wengine wanakimbilia package.mask, orodha ya pakeji zilizopigwa marufuku, moja kwa moja, mi sipendi, maana flagi ikiwa bado imewashwa emerge inakugomea na maelezo marefu hujui hata yameanzia wapi. Mask iweke mwisho, ukitaka.

Elogind lakini usiiguse! Najua imenyofolewa kwenye systemd, ile programu ya kuwasha na kusimamia mfumo, na wewe systemd huitaki hata kuisikia, ila kazi yake ni kujua nani kaingia kwenye mashine, ukiing'oa unaweza kukuta kitufe cha kuzima kwenye menyu hakifanyi kazi. Na ukiitoa upower umeme hautaliwa zaidi, spidi ya prosesa inapandishwa na kushushwa na kerneli, kiini cha Linux, upower inasoma tu hali ya betri na kuziambia programu zingine.

Ila kama ile UPS ya stationari umeichomeka kwa USB na unataka umeme ukikatika mashine ijizime yenyewe, weka sys-power/nut, programu ya kuongea na UPS, angalia tu kama modeli yako inakubalika. Hiyo haina habari na upower wala desktop.

Ukikwama nitumie majibu ya ile komandi ya kwanza, yote, usikate, maana wewe ukikata huwa unakatia palepale penye jibu.

Msalimie shemeji na watoto.

Ni mimi, mtu wako wa Shangani