Dada Mhasibu, lile daftari jekundu

Dada yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo! Za Makambako, za baridi, za shemeji na watoto? Huku Mbinga sisi wazima. Mvua imeshika na kila mtu yuko ngoroni, kwenye yale mashamba ya mashimo ya mlimani, anapanda mahindi. Mama yako mdogo nilikutana naye sokoni, goti limepata nafuu, anakusalimu sana na analalamika kwamba hupigi simu. Mpigie, tafadhali.

Najua utanisema kwa ukimya wangu, lakini nisikilize kwanza. Sista Mkuu wetu wa shule anaondoka.

Si tetesi tena. Barua ya Mama Mkuu wa Shirika tulisomewa walimu kwanza, kisha Jumamosi ikatangazwa mbele ya wazazi wote kwenye sherehe ya kufunga mwaka. Amepewa utume wa kuwalea wanovisi, wasichana wanaojiandaa kuwa masista. Kwa sheria ya Kanisa novisi lazima akae miezi 12 kwenye nyumba ya malezi, na mlezi wao hatakiwi kubebeshwa kazi nyingine itakayomvuta nje. Kwa hiyo ile faraja tuliyokuwa tukipeana, kwamba hata akihamishwa tutampigia tumuulize hili na lile, haipo. Akishaingia kule ameingia. Makabidhiano ni kabla ya Krismasi na mkuu mpya anaripoti kabla shule haijafunguliwa Januari. Kwa hiyo nina siku chache, na ninachokuomba hakiwezi kusubiri. Nitakifikia.

Ngoja nikusimulie sherehe, maana ungekuwepo ungelia kuliko mimi. Paroko alikuja na vazi lake la zambarau, maana Majilio, zile wiki za kungoja Noeli, yameshaanza, na mwalimu wa kwaya alikuwa amewakatalia wasichana katakata: hakuna nyimbo za Noeli kabla ya Noeli. Unamjua. Wasichana wakanuna wiki nzima, kwa sababu Krismasi yenyewe kila mmoja yuko kijijini kwao na hiyo ndiyo nafasi pekee ya kuimba pamoja. Sista akaimaliza kesi: kanisani Majilio, bwaloni Noeli. Misa ilipokwisha walikimbilia bwaloni wakaimba hadi Mama Jiko akaacha mwiko kwenye sufuria na kuja kucheza na aproni yake.

Chakula usiseme. Ndafu mbili, pilau, samaki mbasa waliofika kutoka Mbamba Bay asubuhi ile ile. Kinamama waliotoka ziwani wakacheza kioda, wanaume wakaingia na mganda, na yule mwalimu wetu wa Fizikia akajitosa katikati yao na suti yake hadi soli ya kiatu ikabaki ukumbini. Paroko alicheka mpaka akavua miwani.

Huyo wa Fizikia naye anaondoka, nisisahau. Ajira ya serikali imetoka, amepangiwa Tunduru, anatakiwa kuripoti ndani ya siku 14. Mkataba wake huku unamtaka atoe notisi, kuna waliotaka abanwe, ila Sista alimwambia, "Nenda mwanangu, serikalini utapata mkopo umjengee mama yako." Kwa hiyo Januari kidato cha tatu na cha nne hawana Fizikia. Matroni pia anastaafu, na yeye walau ameagwa vizuri: kapewa godoro, blanketi na kuku wawili, na wasichana wamemwimbia wimbo walioutunga wenyewe kuhusu tochi yake ya saa nne usiku. Mimi wamenipa ofisi ya taaluma. Usinipongeze bado.

Basi ikafika zamu ya zawadi. Wazazi walipanga mstari na vitenge, majogoo, mikungu ya ndizi, na kamati ikaleta sanduku kubwa la magurudumu waliloagiza Songea. Sista akalipokea, akalisifu, akaomba libaki shuleni apewe msichana atakayekwenda kidato cha tano bila sanduku. Mwisho wa mstari nikamwona yule mama wa Maguu, mjane, mwenye binti kidato cha tatu. Unamkumbuka, yule aliyekuwa akikuletea magimbi. Nyuma yake kijana wa bodaboda amebeba kiroba begani.

Mshereheshaji akapaza sauti, "Na huyu mama analeta zawadi ya maharage!" Vigelegele. Mama akasimama katikati ya bwalo, akangoja watu wanyamaze, akasema, "Hii si zawadi. Zawadi yangu ni hii kanga. Maharage haya ni ada ya mwanangu iliyobaki. Naomba yapimwe hapa, Sista akiwepo, watu wakiona."

Dada, bwalo zima kimya. Mshereheshaji alitaka kufanya utani, Sista akamwinulia mkono. Akaagiza mzani kutoka stoo, ule wa kuning'iniza, wakautundika kwenye boriti la mlango wa jiko. Mama Jiko akafungua kiroba, akachota maharage kwa viganja, akayapepeta, akayaangalia kama hayana wadudu, akatikisa kichwa kukubali. Kilo 41. Sista akauliza bei ya sokoni ya siku hiyo, watu watatu wakaitaja, akaketi pale pale pembeni ya keki na kuandika stakabadhi kwa mkono wake. Mama akaisoma yote, taratibu, akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga. Ndipo akapiga goti akamkumbatia Sista, na hapo ndipo mimi nilipotoka nje.

Kwa sababu nilielewa kilichomleta. Kijijini wameshasikia. Wanaogopa kwamba Sista akiondoka, makubaliano yao ya kulipa ada kwa mazao na kazi zao yanaondoka naye.

Na hofu yao si ya bure. Jumatatu kulikuwa na kikao cha bodi. Tumeambiwa kwamba kuanzia Januari ada ni benki tu, nusu ya mwaka ilipwe kabla mtoto hajavuka geti, na stoo isipokee kitu cha mzazi yeyote. Hesabu, wanasema, haziwezi kukaguliwa kwa debe. Mimi sipingi benki, dada. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba shilingi isiyo na karatasi ni shilingi iliyoibwa, na kwa upande huo wana haki. Lakini mkulima wa huku anamwaga jasho lake kwa kalenda nyingine kabisa! Maharage yanavunwa katikati ya mwaka. Kahawa inachumwa, inapelekwa AMCOS, kile chama cha ushirika cha wakulima, inangoja mnada, na fedha ikifika mkononi inalipa madeni ya pembejeo kwanza, kinachobaki kinageuka mbolea ya mahindi. Januari ndio mwezi ambao hana kitu ndani isipokuwa mbegu aliyokwisha kuizika. Ukimwekea geti Januari umemfungia.

Mjumbe mmoja akasema asiyeweza aende shule ya kata, ada ilifutwa tangu 2016. Ni kweli ilifutwa, na ni jambo jema, wadogo zangu wamesoma huko. Lakini tunayemzungumzia ni msichana anayeingia kidato cha nne. Usajili wa mtihani wa NECTA, Baraza la Mitihani, unafanyika mwanzoni mwa mwaka, hapo hapo anapotakiwa awe geti la nje akitafuta nusu ya ada. Akichelewa kuripoti, mwaka unaweza kumponyoka akiwa anajua kila kitu kilichomo kwenye mtihani. Nilisema hivyo kikaoni. Nilisema na sauti ikanitetemeka, lakini nilisema. Jibu likawa: "Leta ushahidi wa hayo makubaliano. Nani, kiasi gani, tangu lini."

Sasa ndipo ninapokuja kwako.

Lile daftari lako lenye jalada jekundu, ulimoandika makubaliano hayo ya wazazi, halipo. Yule kijana aliyekupokea uhasibu anasema alikabidhiwa leja na stakabadhi za benki tu. Sista anakumbuka majina karibu yote, lakini anakumbuka kwa sura na kijiji, "yule baba wa mbao", "yule wa Litembo mwenye mapacha", na kwa kikao cha bodi hiyo haitoshi. Tumekaa naye jioni tatu, yeye anataja, mimi naandika, umeme ukikatika tunaendelea kwa mshumaa. Jana alinyamaza katikati ya jina akasema, "Nimepewa utii, sikupewa kusahau." Kisha akaendelea na jina linalofuata. Sijawahi kumwona amechoka vile.

Mkuu mpya simlaumu, hata hajaja. Ni wa shirika hilo hilo, anatoka shule ya mjini ambako wazazi wana mishahara, na wanaomfahamu wanasema ni mtu wa haki na anapenda maandishi. Ndiyo maana nataka siku anapoketi kwenye kile kiti akute orodha iliyonyooka mezani: jina la msichana, kidato, mzazi, alichokubaliwa kulipa, alichokwisha kulipa, sahihi yako na sahihi ya Sista. Kama ni mtu wa maandishi, basi apewe maandishi. Nimeshazungumza na Paroko, amekubali kukaa nami siku ya kumkabidhi. Na nina wazo la kumwomba aruhusu mazao yapokelewe na stoo kwa bei ya siku, kila kilo kwa stakabadhi, kisha shule yenyewe iingize thamani yake kwenye akaunti ya ada, maana hata hivyo tunanunua maharage hayo hayo sokoni kila mwezi na wasichana mia kadhaa wanakula ugali na... basi, wewe ndiye mhasibu, utaniambia kama linawezekana.

Yule baba wa mbao, kwa mfano. Madawati ya darasa la kidato cha pili yote ni yake, alilipia ada ya mabinti wawili kwa madawati, na bado mdogo yuko kidato cha kwanza. Imeandikwa wapi? Nimeangalia chini ya madawati, kuna tarehe alizochonga kwa patasi. Hizo ndizo karatasi zake.

Nisikuchoshe. Halafu Mama Jiko anaomba ile namba ya mtu wa vitunguu, na mzee wa geti anasema deni lako la soda amelisamehe kwa heshima ya sikukuu.

Sasa nijibu, dada, hata kwa ujumbe mfupi. Daftari uliliacha wapi: kwenye kabati la chuma, au ulimkabidhi Sista Msaidizi? Nakumbuka ulikuwa na tabia ya kupiga picha kurasa kila unapofunga muhula; simu ile ya zamani bado unayo? Ya mapacha wa Litembo yalikuwa makubaliano ya mahindi au ya kahawa? Yule msichana yatima aliyelipiwa na kwaya ya parokia, ilikuwa hadi kidato cha nne au hadi cha pili tu? Je, barua yako yenye sahihi inatosha, au nitafute na mhuri wa mwanasheria? Na wewe mwenyewe, unaweza kuja, hata kwa siku moja, kabla Sista hajafunga mizigo? Basi la asubuhi hadi Songea, kutoka hapo lami mpaka mlangoni kwetu, na chumba chako bado kina kitanda. Anakuulizia kila jioni. Nimwambie unakuja?

Msalimie shemeji. Watoto wabusu.

Mdogo wako,
Mwalimu wa Kiswahili
Mbinga