Kuchujuka kwa Barolo si kuharibika

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu mvinyo wa Italia ilisema kwamba Barolo ni aina ya zabibu, na kwamba chupa kuukuu iliyopoteza wekundu imeshaharibika. Yote mawili si kweli, na hili la pili linaweza kumfanya mtu amwage mvinyo mzima wa bei kubwa.

Zabibu yenyewe ni Nebbiolo. Barolo ni kijiji, na pia ni jina la eneo la vijiji 11 katika vilima vya Langhe, karibu na mji wa Alba, mkoani Piemonte, na la mvinyo mwekundu utokao humo. Sheria ya huko hairuhusu kuchanganya zabibu nyingine yoyote. Mvinyo hukaa ukomae kabla ya kuuzwa si chini ya miezi 38 kuanzia Novemba 1 ya mwaka wa mavuno, na 18 kati ya hiyo ni ndani ya mapipa ya mbao. Ule wa Riserva, daraja la kukomazwa zaidi, hukaa miezi 62.

Ganda la Nebbiolo halina rangi nyingi, ila lina tanini tele, ile inayoleta ukakasi kama wa ndizi mbichi. Hata Barolo changa ukiimimina, unaona kidole chako upande wa pili wa glasi. Miaka ikipita, tanini na rangi hushikana, huwa nzito na kutua chini kama mashapo. Kinachobaki juu ni rangi ya tofali, na ukingoni mwa glasi rangi ya chungwa. Ukakasi hulainika, na harufu huwa ya waridi kavu, lami na uyoga. Huko ndiko kukomaa kwenyewe.

Kijiji nacho kina neno lake. Udongo wa La Morra hutoa mvinyo laini, unaonyweka mapema. Serralunga d'Alba, kwenye chokaa na mawe ya mchanga, hutoa mvinyo mgumu unaodai miaka 10 hadi 15. Chupa ya Serralunga ya miaka sita ikikukaba koo, haina kosa, umeiwahi.

Uharibifu utafuteni kwa pua. Harufu ya boksi lililolowa hutokana na kizibo. Harufu ya siki inajieleza. Kizibo kilichosukumwa juu, mchirizi unaonata shingoni na harufu ya matunda yaliyopikwa ni dalili za joto, na kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa, kabati la sebuleni si mahali pa kuweka Barolo. Ilazwe gizani, kwenye nyuzi 12 hadi 14.

Kabla ya kuifungua, isimamisheni siku mbili ili mashapo yashuke. Kizibo cha zamani hukatika katikati kikitobolewa kwa skrubu. Kizibuo cha mabapa mawili yanayopenya pembeni ni salama zaidi. Weka tochi nyuma ya shingo ya chupa, mimina polepole kwenye jagi la kioo bila kusita, maana ukiirudisha chupa wima mashapo yanavurugika yote. Yakifika shingoni, acha. Barolo changa ikae kwenye jagi saa mbili au tatu; iliyopita miaka 25 inywewe mara tu ikishamiminwa, harufu yake haikawii kutoweka.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam