Milima ya Rwanda kwa nauli ya basi

Mhariri,

Makala nyingi za utalii kuhusu Rwanda humshauri msomaji akodi gari. Ushauri huo unawakatisha tamaa watu wenye uwezo wa nauli ya basi tu, na hauna msingi. Nchi ile ni vilima mwanzo hadi mwisho, lakini mabasi hufika karibu kila mji, tiketi ina saa ya kuondoka, na ni levo siti.

Anzia kituo cha Nyabugogo, Kigali. Kata tiketi ya Musanze, mwendo wa saa mbili hivi, kisha Rubavu kwenye Ziwa Kivu. Hapo geukia kusini kwa barabara ya kando ya ziwa hadi Karongi na Rusizi, uvuke msitu wa Nyungwe, upitie Huye na kurudi Kigali. Ukizunguka hivyo kaa kulia, maana ziwa litakuwa upande huo hadi Rusizi. Anayetapika garini akae mbele, asikubali siti ya nyuma ya magurudumu: kona za Karongi ni nyingi mno. Msishangae pia kusikia Ruhengeri, Gisenyi, Kibuye, Cyangugu na Butare. Ni miji hiyohiyo. Majina yalibadilishwa 2006, lakini vinywani bado yapo.

Nyungwe ndiko wageni wanakokwama. Wanashuka Uwinka, katikati ya msitu, kutembea kwenye daraja linaloning'inia juu ya miti. Alasiri wakisubiri barabarani, basi baada ya basi linawapita kwa sababu limejaa na kusimama ndani hakuruhusiwi. Dawa yake ni kulala Kamembe, mjini Rusizi, na kupanda basi la asubuhi kabisa. Kabla ya kuondoka, kata palepale ofisini tiketi ya pili, ya basi la mchana la siku hiyo, na mweleze karani kwamba utapandia Uwinka ili dereva aambiwe. Utalipia safari nzima kwa kipande tu cha njia. Lipa, ni nafuu kuliko kukutwa na giza msituni. Beba sweta, kwani ni zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari.

Sehemu moja basi halitoshi kweli: Kinigi, penye ofisi ya Hifadhi ya Taifa ya Volkano. Kutoka Musanze kufika huko si tabu, lakini kati ya ofisi ya hifadhi na vianzio vya njia za kupanda volkano hakuna usafiri wa umma. Kodi gari kwa siku hiyo moja, mchangie na wengine.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda, yaani kazi za pamoja za jamii, na asubuhi, saa mbili hadi saa tano, mabasi hayatembei. Machi hadi Mei udongo huporomoka na kufunga barabara, kama ilivyokuwa Mei 2023, hivyo acha siku moja ya akiba kabla ya kurudi.

Kwa wanaorejea Tanzania kupitia Rusumo: saa ya Rwanda iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Ukitoka Kigali saa nne na kusafiri saa tatu, ng'ambo ya daraja utakuta ni saa nane, si saa saba. Panga basi la kuendelea Kahama kwa hesabu hiyo.

Abiria wa mabasi,
Ngara