Mama Roosevelt na mfuko wenu wa vijana

Chumbageni, Tanga

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo Bagamoyo. Huku hatujambo.

Umeuliza mfuko wenu muupange vipi, na Eleanor Roosevelt, mke wa rais wa Marekani, alifanya nini hasa vijana walipokosa kazi miaka ya 1930.

Kambi za kupanda miti zilikuwepo tangu 1933. Kijana alilipwa dola 30 kwa mwezi, 25 zikipelekwa kwao. Lakini zilikuwa za wavulana tu. Mama Eleanor akapigania za wasichana, zikapatikana, na hadi zinafungwa 1937 ziliwapokea kama 8,500, huku wavulana wakihesabiwa kwa mamilioni. Mpango ukianza bila wasichana, baadaye hupewa makombo. Nakuomba hilo usilisahau.

Kisha Harry Hopkins na Aubrey Williams, maofisa wa serikali waliosimamia misaada kwa wasio na kazi, wakabuni mpango mwingine, wakamwendea Mama Eleanor kwanza. Walihofia rais atalaumiwa kuwa anawapanga vijana kama Ujerumani ya Hitler. Yeye akaufikisha kwa mumewe, na tarehe 26 Juni 1935 ikaundwa National Youth Administration, yaani idara ya taifa ya vijana.

Utaratibu wake ndio ninaoupenda. Hela haikutolewa bure. Mwanafunzi wa sekondari alipata hadi dola 6 kwa mwezi, wa chuo hadi 20, kwa kazi ya saa chache: kupanga vitabu maktaba, kusaidia maabara, kuandika barua za ofisi. Shule yenyewe ilichagua nani apewe na afanye nini, na hapo walipatia, kwani mwalimu humjua anayekuja na njaa. Dola 6 ni kidogo, ila watoto wengi huacha shule kwa kukosa nauli, viatu na chakula cha mchana, si ada peke yake. Walioacha shule walipewa kazi za mikono, kama kujenga bustani za umma.

Vijana weusi nao wangeachwa nyuma. Rafiki wa Mama Eleanor, mwalimu mweusi Mary McLeod Bethune, ndiye aliyeongoza kitengo chao humo ndani. Mpango ulifungwa 1943, Vita Kuu ya Pili vikiwa vimeleta ajira.

Kwa hiyo, shoga, msianze na mikopo. Chagueni shule moja, mwalimu mkuu awape majina, nusu yawe ya wasichana. Pigeni hesabu ya nauli ya daladala kwa siku za masomo za mwezi, ongezeni chakula cha mchana, hicho ndicho kiwango cha kila mmoja. Kazi isizidi saa mbili baada ya vipindi, la sivyo masomo yataporomoka. Niletee hesabu niipitie kabla hamjachangishana.

Wako,
Zuhura