Owino Uhuru haijaisha, betri bado zinayeyushwa mitaani

Mhariri,

Tangu Mahakama ya Juu iirudishe Desemba 2024 hukumu ya Owino Uhuru, ule mtaa wetu uliotiwa sumu na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, huku Mombasa ukisikia mtu anaizungumza ujue anazungumza pesa, ile fidia ya shilingi bilioni 1.3, nani atapata nani hatapata, na sisemi wamekosea, watu wamezika na wakazungushwa kotini miaka. Lakini mimi nauliza jingine. Kiwanda kilifungwa 2014 sawa, je betri kuukuu ziliacha kuyeyushwa?

Wapi! Pita vichochoroni ujionee. Betri ya gari inapasuliwa kwa shoka, asidi inamwagwa mtaroni, zile sahani za ndani zinatiwa kwa sufuria juu ya jiko la makaa na watoto wamezunguka kutazama. Risasi, hayo madini ya zile sahani (kwa Kiingereza lead), haitaki mtambo, nyuzi 327 tu ishayeyuka. Nyingine inaenda kwa watu wa skrepu, nyingine inamiminwa kwa kalibu inakuwa chubwi za mishipi. Sufuria yenyewe kesho inapikiwa nini, usiniulize.

Na watu wanaogopa moshi tu, moshi ukipeperuka wanaona yameisha. Vumbi linabaki pale uani, haliozi, mvua ikija linasogezwa kwa jirani, halafu mtoto anatambaa hapo hapo mkono mdomoni. Mtoto mdogo anafyonza risasi mara 4 hadi 5 kumshinda mtu mzima, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Inajificha kwa mifupa miaka na miaka, mama akishika mimba inatoka huko inamfuata mtoto tumboni. Dalili zake sasa ndo mtihani: tumbo linauma, damu inapungua, darasani hashiki kitu, mwalimu anamwita mzembe, nyumbani tunasema minyoo au kijicho. Hata Phyllis Omido, aliyefanya kazi kiwandani hapo kisha akaongoza kesi ya Owino Uhuru, mwanawe alipougua kwanza walitafuta malaria na maradhi mengine, mpaka damu ilipopimwa risasi ndo ikajulikana.

(Kuna na wanja wa manga tunaowapaka watoto wachanga, aina nyingine zina risasi nyingi mno, lakini nikilianza hilo mabibi watanitoa roho.)

Sasa kaunti ikisikia haya isije ikatuma askari wawafukuze mafundi, wakifukuzwa nje wataenda kuyeyushia ndani wanamolala wana wao. Afadhali anayeuza betri mpya alazimishwe kuichukua ile kuukuu nzima nzima na asidi yake, ampe pesa aliyeileta, hao hao mafundi wawe ndo wakusanyaji. Na watoto wapimwe damu, si wa Owino Uhuru peke yao. Mimi nimeuliza zahanati ya mtaani kwetu nikaambiwa kipimo hicho hawana, nenda praiveti. Mama wa kuuza mahamri huko praiveti ataenda na nini?

Mzazi,
Mikindani, Mombasa